Saa Kumi na Tano Kutoka Winnipeg

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kakuma.
Atiir, kaka yake Abei, anaruka leo kutoka Winnipeg, Kanada, anarudi nyumbani. Baba yao, Mzee Namuar, anataka mbuzi achinjwe mgeni akikaribia tu. Nyama iliyopoa ni aibu ya boma zima. Akauliza nani anajua atafika lini. Mwalimu Mutua akafungua kinywa. Nikamwahi! (Naye anamtaka Abei. Sura hana, mshahara anao.) Nikasema mimi Ewoi nina simu, na nikikosea, mbuzi atatoka zizini mwangu. Ninao watano tu, akiba ya mahari ya Abei. Mtandao unasema Winnipeg hadi Lodwar ni kilomita elfu kumi na mbili na mia sita. Saa kumi na tano hewani. Anaondoka saa kumi na mbili jioni. Basi kesho saa tatu asubuhi yuko Lodwar, saa tano yuko hapa.

Jumanne, 5 Agosti.
Saa tano mbuzi wangu wa kwanza amechinjwa, mgeni hakuna. Saa saba wazee wameshiba, wamejilaza. Mutua akasema, kwa sauti ya darasani, kwamba saa za Winnipeg ziko nyuma yetu kwa saa nane. Si angesema jana! Nikaongeza nane. Saa moja jioni, mbuzi wa pili. Wazee wakala kwa hamu ileile. Mzee Namuar akaukunjua utumbo wa mbuzi, akausoma kama wazee wetu wanavyotabiri, akasema kijana bado yuko mbali, atafika Alhamisi mchana. Sikucheka, kwa heshima tu. Utumbo utajuaje ratiba ya ndege?

Jumatano, 6 Agosti.
Ujumbe wa Atiir: yuko Amsterdam. Kumbe ndege haiji moja kwa moja! Nikapima upya. Amsterdam hadi Lodwar, saa nane. Nikatangaza jioni. Mbuzi wa tatu. Nilisahau kwamba lazima abadili ndege Nairobi, na ya Lodwar ni kesho. Mzee, huku akichokoa meno, akaniuliza kwa upole kama dunia imerefuka. Abei hakuniangalia. Sikula. Nimechoka na maisha haya.

Alhamisi, 7 Agosti.
Atiir amefika saa saba mchana. Aliyempokea Lodwar? Mutua! Alimpigia tu, akamuuliza tiketi inasemaje. Nani hufanya hivyo? Akachinjwa mbuzi wa nne, wangu, maana Mzee alisema ahadi ni deni. Nyama ikiwa bado moto, Mutua akatoa posa. Mzee akasema atamsikiliza. Kisha akanigeukia, akauliza mimi nina mifugo mingapi. Mmoja, nikajibu. Wazee wakacheka hadi machozi. Abei naye alicheka. Hilo ndilo lililoniua.

Ijumaa, 8 Agosti.
Nimelia, nimefikiri. Kumbe utumbo unajua mambo! Nimemchinja wa mwisho, nijue Abei atanikubali lini. Kusoma sijui, na Mzee simuulizi ng'o. Nikaupiga picha, nikauliza mtandao. Umejibu kwamba mbuzi alikuwa mzima wa afya. Dalili njema hiyo! Nimekwenda kufua shati la harusi.