Gari la Kumsindikizia Kitindamimba

Jumatatu, 4 Agosti
Limeingia uani! Limevutwa kwa kamba, lakini limeingia. Gari limenizidi umri. Rangi ya krimu, ukiacha kutu. Nimeitangazia familia kuwa huu ni mradi wetu sote. Jumapili binti yetu, kitindamimba, anaondoka kwenda chuo, na ni mimi nitakayempeleka stendi, kwa gari hili hili. Mke wangu akauliza nimewahi kutengeneza gari lini. Nikamwambia hata fundi mkuu alikuwa na gari lake la kwanza. Hakucheka.

Jumanne, 5 Agosti
Kazi zimegawanywa. Mke wangu, viti. Binti, kusugua kutu kwa msasa. Mimi, injini na gia, maana huko ndiko kunakotaka akili. Shemeji, kaka wa mke wangu, amepita na gari lake linalong'aa kama sahani ya wageni. Kaegemea geti, kasema mtaa wa pili kuna fundi mzuri. Fundi! Mtu huyu hanitakii mema.

Alhamisi, 7 Agosti
Injini imewaka! Imekohoa, imetapika moshi, nguo za jirani zimegeuka kijivu kwenye kamba. Lakini imewaka! Binti karukaruka, grisi mpaka kwenye nyusi. Halafu akaniuliza akishaondoka nani atanishikia tochi. Nikajifanya natafuta spana. Niliitafuta muda mrefu. Ilikuwa mkononi.

Jumamosi, 9 Agosti
Balaa. Nimemaliza kufunga gia boksi, na kuna springi imebaki. Ndogo. Ya wapi, sijui. Nimeitia mfukoni. Mke wangu kauliza kama mambo yako sawa. Nimesema sawa kabisa. Shemeji kapiga simu: kesho atatufuata kwa nyuma, tahadhari tu. Tahadhari ya nini? Kaambiwa na nani?

Jumapili, 10 Agosti
Gia ya kwanza, imegoma. Ya pili, imegoma. Rivasi ikaingia bila hata kubembelezwa. Jasho! Basi halitatusubiri. Shemeji akafungua mlango wa gari lake, akamwita binti. Binti akamtazama, akanitazama, akapanda kwangu na begi lake.
"Baba, twende hivyo hivyo."
Tukaenda kinyumenyume mpaka stendi! Shingo imenipinda. Mke wangu kapiga magoti kiti cha nyuma, ananiongoza kwa kelele: kulia, kulia kwangu, si kwako! Na shemeji anatufuata, pua kwa pua, ananikodolea macho njia nzima. Tumefika basi linanguruma. Binti alicheka mpaka akatoa machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Kaning'ang'ania shingo hiyo hiyo mbovu. Na mimi macho yalinitoka maji. Nimesema ni moshi.
Kurudi, shemeji alituvuta. Aliendesha polepole, kwa huruma. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 13 Agosti
Binti kapiga simu. Gari lisiguswe mpaka likizo, tulimalize pamoja. Nimekubali. Mke wangu hakuridhika, kaniapisha: kitu chochote kikiharibika nyumba hii, aitwe fundi. Nimeapa, mkono juu. Mtu hukua.

Alhamisi, 14 Agosti
Pampu ya maji ya nyumbani imeanza kuguna. Mke wangu kamwita fundi. Nimemwahi getini, nimemwambia arudi zake, tatizo ni dogo mno kwa mtu wa hadhi yake. Nimeshaifungua yote. Mke wangu anapiga kelele bafuni, ana sabuni machoni, anauliza maji yamekwenda wapi. Nimemjibu avumilie dakika tano.