Makofi Tisa Koridoni

Jumatatu, 2 Machi
Mwaka wa thelathini na moja ugenini. Mvua. Mkwe wangu anashikiza kwa muda kazi ya mapokezi hospitalini. Alhamisi msimamizi atamsikiliza akitamka jina la kliniki yake na kueleza maana yake. Akikwama, kazi hana. Jina lenyewe: otorhinolaryngology. Refu kama treni! Nimelikata silabi tisa, kila silabi kofi moja. O-to-rhi-no-la-ryn-go-lo-gy. Viganja vinawaka moto.

Jumanne, 3 Machi
Jirani Kidonge, mfamasia mstaafu, kaingia bila kualikwa. Eti silabi ni makapi. Neno hukatwa kwa maana. Oto sikio, rhino pua, laryngo koo, logy elimu. Mkwe ajiguse kila anapotamka. Upuuzi! Mwamba ngoma huvutia kwake. Nikambembeleza twende kwake tucheze drafti, asipate nafasi ya kufundisha. Kanifunga kila mchezo. Niliporudi, mkwe yuko mbele ya kioo, kidole puani.

Jumatano, 4 Machi
Mkwe hali chakula. Asema makofi yangu yanamvuruga. Kisha, kwa adabu zote: "Baba, kesho ubaki nyumbani. Nakusihi."
Nikaitikia. Kuitikia si kuahidi.

Alhamisi, 5 Machi
Nilijibanza nje ya mlango wa msimamizi. Ndani, "oto..." Kisha kimya. Ningefanyaje? Nikapiga makofi tisa, taratibu. Wagonjwa korido nzima wakadhani daktari amewasili, nao wakapiga! Mlango ukafunguka. Nyuma ya msimamizi, mkwe, macho mekundu. Mtihani umeahirishwa hadi kesho. Mlinzi kanitoa kwa kunishika kiwiko.

Ijumaa, 6 Machi
Kidonge kaja kunilinda nisitoke. Kafunga mlango, ufunguo mfukoni. Tukatazamana kama majogoo hadi simu ikalia. Mkwe kajigusa sikio, pua, koo, katamka lote. Kaajiriwa! Kidonge kacheka hadi mabega yakatikisika. Maskini, hajui kwamba makofi ya jana ndiyo yaliyomkaa mkwe kichwani.

Jumapili, 8 Machi
Ndugu yangu kapiga simu kutoka kwetu. Chumba changu kimepakwa chokaa. Nije nimalizie uzee pale. Nikaukumbuka mlango wake unaokwaruza sakafu. Lakini mwezi ujao mkwe anahamishiwa kliniki ya macho, na atatahiniwa tena: ophthalmology, makofi matano. Nimeshakagua. Dirisha la msimamizi wa kule linatazama barabarani, na mlinzi hafiki upande huo.
Nikamwambia ndugu yangu ampe chumba mtu mwingine. Sitarudi.