Sanamu ya Bapa na Watu wa Chumba cha Viini

Port Wessel, Michigan
Jumanne

Ndugu Mhariri wa gazeti letu la kila Alhamisi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepona tangu uteleze kwenye barafu mbele ya kanisa letu. Mimi ni Lavonne Zylstra, mke wa Marv Zylstra wa chumba cha viini pale kiwandani. Naandika kwa heshima zote kuishitaki Kamati ya Sanamu, na nakuomba usipunguze hata neno moja, kama ulivyoipunguza barua yangu kuhusu mbwa wa jirani.

Jumamosi hii, kama mji mzima unavyojua, kamati itazindua pale bustanini sanamu ya bapa la turbini, lile jani la chuma linalozunguka ndani ya injini, yenye urefu wa watu wawili, kwa heshima ya wote waliotengeneza mabapa ya injini za ndege hapa kwetu. Kwenye kibao cha shaba wametajwa waliochora, waliomimina chuma, waliosugua, waliopima, na hata watu wa jikoni kwa ajili ya supu. Watu wa chumba cha viini hawamo. Marv alikisoma kibao kile, akavaa kofia yake, akarudi nyumbani. "Siendi Jumamosi," akaniambia. "Nina gereji ya kufagia." Gereji ile haijafagiliwa tangu tuoane. Nimeumia, Ndugu Mhariri, na malalamiko yangu ni haya.

1. Nilipompigia simu mwenyekiti, Bi. Roxanne Pytlak, alinijibu, "Jamani, Lavonne, kiini hakionekani kwenye bapa. Sasa tukiandike cha nini?" Kwa wasiojua, na naona kamati imejaa hao, kiini ni kipande cha kauri, chembamba kama biskuti na chenye mapindo mengi, kinachowekwa ndani ya kalibu ili chuma kikimiminwa, bapa litoke na njia za hewa ndani yake, zinazotokea nje kwa matundu madogo. Kwa hesabu ya Bi. Pytlak, kisichoonekana mwishoni hakikuwapo. Basi naomba, kwa haki hiyo hiyo, afute jina la mama yake kwenye cheti chake cha kuzaliwa, maana Ijumaa iliyopita kwenye karamu ya samaki wa kukaanga nilimtazama Bi. Pytlak mbele na nyuma, na mama yake sikumwona popote.

2. Kibao kinawasifu wamiminaji kwa "ujasiri mbele ya moto". Sina ugomvi na wamiminaji, shemeji yangu ni mmoja wao. Lakini mmiminaji anasimama mbali, amevaa kama mrina asali. Kiini kiko ndani ya moto wenyewe. Kinapashwa mpaka joto ambalo lingeifanya sufuria yako ya chuma iwe uji, kisha kinamiminiwa nikeli iliyoyeyuka, na kinatakiwa kisipinde hata unene wa unywele. Kikipinda, ukuta wa bapa unakuwa mwembamba upande mmoja na kazi yote inatupwa. Na kiini hutaka kulegea, kama sisi sote tunavyotaka kukiwa na joto. Kinachokiokoa ni kwamba humo humo motoni chembe zake hujipanga upya taratibu, kikazidi ugumu. Marv na wenzake ndio wanaojua kukioka mwanzoni kwa kiasi gani: kikiiva pungufu kitalegea, kikizidi kitapasuka kabla ya kazi kuanza. Naomba basi wanakamati wote wasimame karibu na jiko la nyama choma siku ya uzinduzi, tangu wimbo wa taifa mpaka hotuba ya mwisho, bila kuegemea chochote. Atakayepinda mgongo, jina lake likwanguliwe kwenye shaba.

3. Chuma kikishaganda na kupoa, kiini hupasukapasuka chenyewe humo ndani. Kwenye moto kilisimama, kwenye baridi kikavunjika. Bi. Pytlak ataita huo udhaifu, kumbe ni faida, maana dawa kali ya magadi hupenya kwenye nyufa hizo na kukiyeyusha. Mume wangu ni hivyo hivyo. Binti yetu alipolazwa, Marv hakutikisika. Mtoto aliporudi nyumbani anacheka, baba akaenda kulia gerejini. Lakini nisitoke nje ya mada. Kiini kinayeyushwa, kinamwagwa, basi. Hakuna mazishi, hakuna hata bakuli la saladi ya viazi, katika mji huu huu uliomzika kasuku wa benki kwa tarumbeta! Nadai siku moja kila mwaka ya kuviomboleza viini: shule zifungwe, bendera ishushwe nusu mlingoti, na Bi. Pytlak asome shairi alilotunga mwenyewe.

4. Kwa kuwa kamati inaamini macho tu, dai langu kubwa ni kwamba kiini kirudishwe ndani ya bapa, kikae humo milele, watu wakione. Na kwa kuwa kamati haijui kuharakisha jambo, jana mimi na dada yangu Arlene tulipanda ngazi na ndoo ya saruji nyeupe, iwe ndiyo kiini, tukayaziba matundu yote ya hewa ya ile sanamu. Imependeza sana. Atakayethubutu kuitoa saruji ile ataonana na mimi.

Nawasalimu wote hapo ofisini, mkeo, na daktari wa goti lako. Bi. Pytlak naye msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi, nisiyerudi nyuma,
Lavonne Zylstra

Nyongeza: Nilimpa Marv aisome kabla sijaifunga bahasha, nikitegemea busu. Akaweka uma mezani. "Mmeziba matundu?" Nikamwambia ndiyo, kwa heshima yako. "Mama wee! Bapa likibaki na kiini ndani ni takataka. Hewa haipiti, linaungua huko juu na watu wamo ndegeni. Tunayapiga eksirei kutafuta hata kipande kilichosalia. Kiini kizuri ni kile kilichotoka chote." Nikamuuliza, sasa watu wataionaje kazi yako? "Si kwa hayo hayo matundu!" akasema. "Ile sanamu nzima, nilichokipenda mimi ni matundu tu." Kisha akacheka mpaka nikaona haya, nami nikacheka. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, futa lalamiko la kwanza mpaka la nne, na bendera ibaki juu. Tatizo ni kwamba saruji imeshakauka. Ijumaa ukiniona bustanini juu ya ngazi na patasi mkononi, tafadhali usiite polisi. Anayeishika ngazi ni Marv.