Mfupa Si Nyama

Jumatatu, 9 Juni
Miaka ishirini na sita nauza nyama. Nilianza na kisu cha kuazima na gogo. Leo nina bucha lenye vigae. Na leo daktari amemkataza mke wangu nyama nyekundu. Jongo. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba kama nyanya. Jumamosi ni mahafali ya binti yetu wa mwisho, na mama watoto ameshanunua viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Amevijaribu. Cha kushoto kimeingia. Cha kulia kimekataa katakata.

Jioni amekula wali mtupu, vijiko vinne. Nimehesabu. Kasema ameshiba. Tangu nimuoe hajawahi kushiba kwa vijiko vinne. Nikasukuma nyama yangu pembeni, nikadai nina kiungulia. Uongo mtupu.

Jumanne, 10 Juni
Nimekwenda supamaketi. Kwenye friza kuna kitu kinaitwa nyama ya mimea. Robo kilo, elfu tisa. Yaani kilo elfu thelathini na sita! Steki yangu safi ni elfu kumi na mbili. Nimemuuliza mhudumu kama huo mmea ulisomeshwa ng'ambo. Hakucheka.

Nimempigia binti, maana kilimo ndicho alichosomea. Akasema hiyo ya friza imepanda meli na kulala kwenye barafu, ninunue soya kavu ya vipande, haili ardhi wala maji kama ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe wangu huja kwa miguu yake mwenyewe. Akasema ndiyo baba, baada ya kula na kunywa miaka minne, hiyo umeipigia hesabu? Ada nimelipa mimi, hoja anazo yeye.

Shida ni kwamba soya kavu inauzwa na muuza nafaka wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miaka kumi na moja hajapitisha siku bila kunitania. Nimevaa kofia. Kanitambua hata sijafika. Akauliza mbele ya wateja kama ng'ombe wamegoma. Nikasema ni chakula cha kuku. Kuku wangapi? Mmoja. Akapima kilo nzima akisema huyo kuku kaolewa pazuri.

Kilo elfu tano. Ikilowekwa inakuwa kilo tatu. Karibu sehemu moja ya saba ya bei ya steki. Nimepiga hesabu mara mbili, maana iliniuma.

Jumatano, 11 Juni
Nimeloweka, nimekamua, nimekaanga. Soya inanywa mafuta kama gari bovu. Ukiweka mafuta, nyanya na gesi, kilo inafika elfu mbili na mia tisa. Bado rahisi. Ila ladha ni ya sifongo iliyowahi kusimuliwa habari za nyama.

Hapo ndipo ufundi ukaingia. Mimi najua ladha inakaa wapi. Mbavu mbili na goti moja, mabaki ya dukani, gharama sifuri. Nimechemsha kwa saa mbili, nikatoa mifupa, nikalowekea soya kwenye ile supu. Daktari amekataza nyama. Mfupa si nyama. Muulize mteja yeyote aliyepimiwa mfupa kwa bei ya nyama.

Mama watoto kala sahani mbili. Nami nimekula hiyohiyo. Siri ya supu nimebaki nayo.

Alhamisi, 12 Juni
Sahani mbili tena. Ameimba akiosha vyombo. Muuza nafaka kaja kuonja, kala amesimama, kakubali kwa shingo upande kwamba nimemweza. Nitauza "Soya ya Bucha", kilo elfu nne. Kilo ishirini kwa siku, faida elfu ishirini na mbili. Nimeshachora kibao.

Ijumaa, 13 Juni
Kidole kimezidi. Hata shuka likikigusa anakunja uso. Kampigia daktari, akaulizwa kala nini. Soya. Soya tu? Akanigeukia: baba watoto, soya tu?

Nikasema na supu kidogo. Supu ya nini? Ya mifupa. Daktari kasikia, kasema supu ya mifupa ni yaleyale. Nikachukua simu kumfafanulia tofauti kama mtaalamu kwa mtaalamu. Akaomba arudishiwe mgonjwa.

Hakunifokea. Amekaa kitandani, kiatu cha kulia mapajani, anakifuta vumbi kisilokuwa nalo. Bora angefoka.

Jumamosi, 14 Juni
Kaenda na kandambili za bluu. Gauni zuri, kilemba kizuri, kandambili. Mlangoni nikavua viatu vyangu vya ngozi, nikavaa kandambili za bafuni. Akauliza nimerogwa? Nikasema vinanibana.

Kaniegemea mkono kutoka getini hadi safu ya tatu. Hatua mia moja na arobaini, polepole. Hadharani tulikuwa hatujashikana tangu enzi za uchumba. Binti katuona akiwa na joho, kacheka mpaka akafuta machozi.

Wakisoma majina, mama watoto kaninong'oneza kwamba Jumatatu hakuililia nyama. Aliona atakuwa anakula peke yake kutoka sufuria yake, kama mgeni. Ile soya tuliila pamoja. Basi. Kisha akasema nikigusa tena chakula chake bila ruhusa atanikata mkono kwa msumeno wangu mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni
Kapika mwenyewe. Mimi nimewekwa nje ya mlango wa jiko. Soya, kitunguu, tangawizi, maji ya bomba. Tumekula sufuria moja. Kidole kinaanza kunywea. Kaniongezea kijiko bila kuniuliza.

Nzuri. Sisemi si nzuri. Ila kuna kitu inakosa.

Nimekaa na karatasi, napitia maneno ya daktari moja baada ya jingine. Amekataza nyama. Amekataza mifupa. Maini hajayataja.