Kengele ya Mkia

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepata dawa. Nitapanda mlima!

Kikundi cha matembezi kinapanda vilele viwili Jumapili, na Dada Vifungo atakuwemo. Dada Vifungo ni fundi cherehani, duka lake linatazamana na langu. Mimi natengeneza fremu za picha. Mchana kutwa naweka maharusi na watoto wa watu nyuma ya vioo, kisha narudi nyumbani kwenye ukuta mtupu. Tangu dada yangu aolewe akahama, sina hata picha moja niliyopigwa na mtu. Ya kitambulisho haihesabiki.

Mpango: picha ya kileleni, mimi na Dada Vifungo, tunacheka. Fremu tayari. Mbao nyekundu, pembe safi kabisa. Nimeshaitundika. Inasubiri watu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimejiandikisha kwa mwalimu wa mazoezi, ndiye kiongozi wa kikundi. Akauliza kama nimewahi kupanda mlima. Nikasema mingi tu. Akauliza ipi. Nikasema ya mbali.

Nimefanya upelelezi. Dada Vifungo hutembea nyuma kabisa, anapiga picha maua. Na kikundi kina utaratibu wake: mtu wa mwisho anaitwa Mkia. Anafunga kengele kwenye begi, na wa mbele wakiisikia wanajua hakuna aliyeachwa. Mkia haruhusiwi kumpita mtu yeyote. Basi nikaomba niwe Mkia! Kiongozi alinitazama mara mbili, maana kazi hiyo huwa inakimbiwa. Hawajui kitu. Siku nzima mimi na yeye!

Fundi Saa wa duka la pembeni naye anakwenda. Mwanamume yule ana meno mengi mno. Shauri yake, atakuwa mbele huko.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimenunua buti. Zinang'aa, zitaniumbua. Nimechota udongo wa kwenye chungu cha maua, nikaukoroga bafuni, nikazipaka zionekane za mzoefu, nikazianika. Zimekauka kama tofali, hazikunjiki. Bafu limeziba. Ua limekufa.

Dada yangu amepiga simu. Kauliza nakula na nani siku hizi. Nikamwambia na watu. Redio ilikuwa inaongea, kwa hiyo si uongo sana.

Jumapili, 6 Aprili

Balaa!

Mvua za masika zimelowesha mlima mzima, njia yote tope, na upepo mkali. Pale chini Dada Vifungo alizitazama buti zangu akasema naonekana mzoefu. Moyo ukaniruka. Kisha akakaza kamba za viatu, akatoka mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni! Kumbe kamera ya simu yake imeharibika, leo hakuna maua. Fundi Saa nyuma yake, meno yote nje.

Na mimi ndiye Mkia.

Mbele yangu akabaki Mzee Posta tu, aliyestaafu kupeleka barua, goti moja bovu. Anapiga hatua, anasimama, anasimulia. Akaniuliza nimebeba chakula gani. Mkate. Yeye mayai, akasema. Anachemsha mawili kila asubuhi, mazoea ya tangu mkewe yu hai, na la pili hana wa kumpa. Nikamwomba tuongeze mwendo, baba.

Kilele cha kwanza kinapandwa kwa mikono na magoti. Buti zile hazishiki kitu. Niliteleza kwa makalio mpaka nilipoanzia, kengele inalia njia nzima. Huko juu nikasikia kicheko cha Dada Vifungo. Wala hakuwa ananicheka mimi. Alikuwa anachekeshwa na Fundi Saa.

Ndipo akili ikanijia. Kengele ikinyamaza, watajua nimepotea. Watasimama, na Dada Vifungo atashuka mbio kunitafuta! Nikamwacha mzee atangulie. Nikaishindilia kengele tope, nikakaa chini ya jiwe, nikapanga uso wa mtu aliyeumia.

Ukungu ukashuka. Sauti zao zikapungua, kisha kimya. Hakuna aliyeita. Nikaanza kuita mwenyewe, kwa sauti ndogo, nisionekane naita. Niliogopa. Wala si mlima niliouogopa. Niliogopa kwamba ningekaa pale mpaka jioni na asipatikane hata mtu mmoja wa kusema, mbona yule haonekani.

Kisha vishindo! Uso nikaupanga upya.

Mzee Posta. Ameteremka tope lote lile na goti lake, suruali haitamaniki. Akasema hakuisikia kengele yangu tena, akajiuliza mwanangu yule amepatwa na nini. Nimeumia wapi? Mguu, nikasema. Upi? Nikashika wa kulia, kisha wa kushoto. Akamenya yai akanipa. Nilikuwa na njaa sana.

Tulipofika juu, wenzetu walikuwa wamekwenda kilele cha pili na kurudi. Kiongozi akasema siku ya upepo kengele haifiki mbele hata kidogo. Nani angejua! Akatupiga picha, mimi na mzee, tope mpaka kwenye nyusi. Picha ya Dada Vifungo ilishapigwa. Na Fundi Saa. Wanacheka.

Jumatatu, 7 Aprili

Mwili wote unauma. Fundi bomba amezibua bafu, akauliza nalima humo ndani?

Dada Vifungo amekuja dukani kwangu! Mara ya kwanza! Ameleta ile picha yake na Fundi Saa, anataka fremu. Mbao nyekundu, akasema, kama ninayo. Ninayo. Nilifikiria kuiacha pembe moja na ufa. Nikaiacha, kisha nikaiziba. Kazi ni kazi. Akanishukuru sana, akasema nina mkono mzuri. Nilifunga duka mapema.

Jumatano, 9 Aprili

Mzee Posta amekuja nyumbani na ile picha yetu ndani ya bahasha. Amepanda ngazi zote za jengo kuileta mkononi. Akasema Jumapili niende kwake tule, atachemsha mayai mengi. Nikamwambia Jumapili nina watu. Akasema sawa mwanangu, hata nyingine. Alishuka polepole, nikamsikia mpaka chini.

Ningemjibu nini? Jumapili nina shughuli! Kuna dada wa duka la miwani ameingia kikundini, na wanarudi mlimani. Ni mgeni, goti lake halijazoea, lazima atabaki nyuma. Nimeshaomba tena niwe Mkia. Kosa langu lilikuwa kengele moja. Safari hii nafunga mbili, na zikinyamaza zote kwa pamoja, nani asigeuke?

Ile picha imetoka vizuri, hasa upande wangu. Nimemkata mzee kwa kisu cha kazi, taratibu, nafasi ibaki ya kumbandika dada wa miwani. Umebaki mkono wake tu, begani kwangu. Kuuondoa ningelazimika kukata bega, nikauacha.

Si neno. Dada wa miwani akisimama hapo, ataufunika.