Masanduku Saba ya Kadi

Jumatatu, 1 Julai 1974
Stoo yetu ya spea hapa Nyakato ina daftari moja tu. Kila kitu kimeandikwa kwa siku kilipofika. Leo Ndalahwa, dereva wa lori la pamba, alisubiri pampu ya maji asubuhi nzima huku nikipekua kurasa. Mchana nikaanza kuandika kadi za majina ya spea, kwa alfabeti. Ya pampu ndiyo niliyoiandika kwanza!

Jumanne, 2 Julai
Kadi zimekamilika, zimejaa sanduku moja. Spea zinapatikana kabla chai haijapoa. Mzee Chenge, meneja, kanishika mkono mbele ya mafundi. Dorotea, karani mwenzangu, kasema ni kazi nzuri. Kasema kwa utulivu mno. Nimeumia.

Jumatano, 3 Julai
Sanduku moja limeleta sifa. Je, saba? Nimeongeza la namba, aina ya lori, ukubwa, rafu, uzito na rangi. Dorotea kauliza ni dereva gani atakayeomba spea kwa rangi. Hana upeo.

Alhamisi, 4 Julai
Makreti ishirini yamefika kwa treni. Kila spea, kadi saba. Hadi saa sita nimeingiza aina nne. Mkono umevimba.
Kisha simu: Ndalahwa kakwama Kigongo na shehena ya pamba, mkanda wa feni umekatika, kivuko kimemwacha. Mzee Chenge akauliza mkanda uko wapi.
“Umo kwenye kreti, mzee, ila bado haujaingia stoo.”
Dorotea akavunja kreti, akautoa, akampa fundi mwenye pikipiki.

Ijumaa, 5 Julai
Amri: yabaki masanduku mawili, la majina na la namba. Madereva huuliza kwa njia hizo tu. Tumegawana kazi na Dorotea; saa nane makreti yote yameisha. Ndalahwa kaleta sato wa kuchoma kutoka Busisi. Tumekula na ugali, tumecheka mpaka machozi. Dorotea kanipa kichwa cha samaki. Nampenda kidogo.

Jumamosi, 6 Julai
Nimetafakari. Kosa halikuwa wingi wa masanduku. Kosa ni kwamba masanduku yenyewe hayakuwa na sanduku la kuyaorodhesha. Kesho ni sikukuu ya Saba Saba, stoo itafungwa, ufunguo ninao mimi. Hakuna wa kunisumbua.