Goti la Tausi na Gia Namba Tatu

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimefunguliwa mlango, tena msikitini kabisa. Baada ya swala Mzee Mjaka, mfanyabiashara wa karafuu kutoka Pemba, alisimama akauliza kama hapa Mabawa kuna anayezijua Landrova za zamani. Kaona moja inauzwa Usagara, kwa Shaib. Anatafuta mtu mwaminifu wa kuikagua kabla hajainunua. Mtu mwaminifu! Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikamkanyaga mtu.

Landrova hiyo ni yangu. Yaani, ilikuwa yangu. Niliiuza mke wangu Tausi alipolazwa, na aliyeinunua ni huyo Shaib, binamu yake. Tausi hakurudi. Gari nalo halikurudi. Ila Shaib ameshalichoka, na kaniahidi kwamba likikosa mnunuzi mwezi huu atanipa kwa kubadilishana na machungwa yangu ya Muheza. Basi kazi yangu ni ndogo: nalikagua, naliponda, Mzee Mjaka anarudi kwenye karafuu zake.

Sina safari yoyote. Naitaka ile nafasi ya katikati. Gia namba tatu ilikuwa ikichomoka kila tukipanda mlima, na Tausi akakaa katikati miaka yote ili aizuie kwa goti, huku anamenya chungwa. Dirishani palikuwa patupu. Tuliowapa lifti walishangaa. Akinikasirikia aliondoa goti, gari likapiga kelele kwa niaba yake.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefika kwa Shaib na miwani, bisibisi na uso wa daktari. Shaib kauliza, shemeji, umekuja kukagua au kulia? Nikamjibu nipo kazini. Nikampa Mzee Mjaka shikamoo yake, nikajilaza chini ya gari.

Giaboksi si yenyewe! Shaib kaing'oa ya zamani, kaweka ya Toyota, ya gia tano. Propela, kile chuma kinachopeleka nguvu magurudumuni, imekatwa na kuchomelewa upya. Nikayatamka haya kwa sauti ya tanzia. Nikasema hili ni chotara, Mzee, mwili wa Mwingereza, matumbo ya Mjapani. Mzee Mjaka kasema yeye mwenyewe mama ni wa Kojani, baba ni wa Wete, na mbona anatembea.

Kisha kagonga bodi kwa kidole, kasema anaogopa kutu, maana Pemba chumvi imo hata kwenye upepo. Hapo nilitakiwa kunyamaza tu. Nilijikuta nimesimama namhutubia! Kutu? Bodi ya Landrova ni alumini! Imelala nje kwangu kwenye upepo huohuo wa bahari na haijatoka hata doa! Mzee Mjaka akafurahi sana. Shaib akaniletea soda. Nikainywa.

Halafu nikafungua mlango. Giaboksi mpya ni ndefu kuliko ile. Mkono wa gia umetokea nyuma zaidi, katikati ya kiti cha katikati, kwa hiyo kiti kimekatwa. Pamewekwa bati, na bati limevalishwa kipande cha mpira wa trekta. Nikamwambia Mzee Mjaka kwamba mbele sasa wanakaa wawili tu. Kasema wawili wanatosha.

Nikafunga mlango.

Jumapili, 13 Julai

Rahila, mdogo wake Tausi, kaleta wali wa nazi na mchuzi wa samaki changu. Habari zote anazo. Kasema Tanga nzima hajaona mtu mwenye uso mzuri wa kudanganyia kama wangu, ukaenda bure namna hii. Kauliza gari la nini ikiwa kiti kimeshakatwa. Nikasema kiti hushonwa. Kasema, shemeji, wewe hutaki gari, unataka mtu wa kugombana naye njiani.

Nikamwambia mchuzi umezidi chumvi. Haukuzidi.

Mpango mpya: kesho tunalijaribu gari njia ya Moa, kwenye mchanga. Kila fundi anajua giaboksi ya kupandikiza hufia mchangani. (Hakuna fundi aliyewahi kusema hivyo. Nimebuni leo wakati nanawa.)

Jumatatu, 14 Julai

Siku ndefu. Naandika nikiwa na manyoya kichwani.

Asubuhi Shaib alitaka kunionyesha gia zinavyokaa. Anifundishe gari langu! Nikamwambia akae na elimu yake. Isitoshe, kirungu cha mkono wa gia ni kilekile changu, na zile gia nne za zamani bado zimechorwa juu yake.

Namba moja, sawa. Mbili, sawa. Tulipofika kilimani nikaitafuta tatu ilipokaa miaka yote, kulia juu, na goti langu likasogea lenyewe kumpisha mtu. Kumbe pale siku hizi ni tano. Gari likakohoa, likazima mbele ya kijiwe cha bodaboda. Vijana wakashangilia. Mzee, teremka tukukokote! Mzee, hilo linakula majani!

Sijawahi kuwapenda vijana hivyo. Nikamgeukia Mzee Mjaka, nikasema kwa huzuni, umeona? Tatu imekufa. Nikawasha, nikakosea palepale, likazima tena. Mzee Mjaka akakunja uso, akasema mie basi, kuna gari jingine nimeambiwa lipo Pongwe. Nilijiuma ulimi nisicheke.

Halafu akaomba alijaribu mwenyewe. Ningejuaje kwamba ujanani aliendesha malori ya karafuu? Tatu aliikuta inapokaa, katikati, na mchangani Moa tulipita kama tunawahi pilau. Nikasema nasikia mlio. Kasema huo ni wa tumbo lako, fundi.

Tumerudi Usagara. Nimebakiwa na silaha moja. Nikasema ukaguzi haujakamilika bila rivasi, na nitairudisha Landrova uani mimi mwenyewe. Nikageuza shingo. Nikatazama nyuma vizuri kama dereva mstaarabu. Nikapeleka mkono kushoto kabisa, juu, rivasi ilipo tangu nizaliwe, nikaachia klachi.

Nikaenda mbele. Kumbe pale siku hizi ni namba moja.

Banda la kuku la Shaib limelala chini lote. Kuku walikimbilia kwa majirani. Vumbi lilipotulia nikaiona kwenye kona: giaboksi yangu ya zamani! Imelazwa ubavu, mdomo umejaa majani makavu, na humo ndani kuku mwekundu anaatamia. Wenzake wote wametoroka, yeye hata hakugeuka.

Shaib kasema kosa ni lake, alibadilisha giaboksi akasahau kubadilisha dereva. Mzee Mjaka akaenda mbele, akapangusa bampa kwa kiganja. Hakuna mkwaruzo. Kasema gari linalobomoa nyumba bila kuumia ndilo la barabara za kwao. Wakapeana mikono palepale. Mimi nikashukuriwa. Kasema hajaona mkaguzi anayejitolea kiasi hiki.

Jumatano, 16 Julai

Nimejenga banda siku mbili. Shaib alikaa kivulini akinielekeza, shemeji, msumari si huo, shemeji, mlango utazame kibla. Nikavumilia, maana nilikuwa na jambo. Jioni nikaiomba giaboksi. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba kiberiti.

Akanitazama kidogo. Hakunitania. Kasema chukua, shemeji, ila mpangaji wake uondoke naye, na vifaranga virudi vyote.

Tumeisukuma kwa mkokoteni hadi Mabawa. Njia nzima watu wameniuliza bei ya kuku.

Alhamisi, 17 Julai

Landrova imepakiwa melini leo. Mzee Mjaka aliniita niiingize mimi, kwa heshima. Kisha akafikiri, akachukua ufunguo. Nikafuta kioo cha dirisha la abiria kwa leso. Kasema nikienda Pemba atanikalisha pale mbele. Nikamwambia dirishani panafaa.

Ijumaa, 18 Julai

Giaboksi ipo sebuleni, juu ya mkeka wa Tausi. Rahila kaja, kasimama mlangoni muda mrefu. Nilijiandaa. Kauliza tu kama kuku analipa kodi.

Alipoondoka nikaketi chini, nikashika mkono wake usio na kirungu, nikaitia namba tatu. Ikachomoka. Bado inachomoka! Nikairudisha, nikaizuia kwa goti. Ikatulia. Kuku akanitazama kwa jicho moja. Nikamenya chungwa.

Basi mambo yamekaa vizuri. Giaboksi ninayo, kilichobaki ni gari tu. Leo baada ya swala mgeni kutoka Muheza aliuliza kama kuna mtu mwaminifu wa kumkagulia Landrova. Ipo kwa jirani yake, imekaa miaka, haina giaboksi, naye anafikiria kuinunua.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikamkanyaga mtu yuleyule.